Ng'ombe wa Mkula

Soko huria lilipofika Bariadi lilimkuta mwanangu Mayala amesimama mlangoni, kama anapokea bibi harusi. Chama cha msingi, kilichonunua pamba yetu miaka yote, kilibaki na mzani wenye kutu. Wanunuzi binafsi walikuja na magari, kila mmoja na bei yake na kicheko chake. Mmoja akamvisha Mayala kofia ya kampuni. Basi, tukawa na msomi.

"Mayu," akaniambia mimi mama yake, kwa Kisukuma chetu, "sasa ni pamba tu. Mtama ni umaskini."

Mtama uliomlea yeye na baba yake! Viazi vyangu vya michembe, vya kukatakata na kukausha kwa ajili ya njaa, navyo akaving'oa. Mpaka nyuma ya choo, pamba.

Halafu akageukia ng'ombe. Marehemu baba yake alikuwa amewagawa kwa marafiki wa Mwanhuzi, Maswa na Mkula. Rafiki anatunza na kunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wetu. Jua likiwaka huku, kule wanapona. Mayala akaona huo ni ushamba. Akawakusanya wote, akawapeleka mnadani, akakodi mashamba zaidi. Akabaki mmoja tu, ng'ombe wangu mimi, aliyekuwa Mkula, karibu na ziwa, kwa mzee Mihayo. Huyo nilimkatalia.

"Mayu, unarudisha maendeleo nyuma."

"Kwa ng'ombe mmoja, baba? Basi hayo maendeleo yana miguu dhaifu."

Bahati mbaya mvua haikuwa imesikia habari za soko huria. Pamba iliota, ikanyauka, ikabaki vijiti. Wale wanunuzi waliotupenda sana hatukuwaona tena. Jineri ya kuchambulia pamba ikanyamaza. Fundi cherehani akafunga, muuza baiskeli akafunga, hata mwenye baa, na ulevi tulidhani hauhitaji mvua. Lukresia aliyetuletea dagaa kutoka Lamadi alizunguka gulio mara moja, akajitwisha tenga lake likiwa limejaa.

"Huku hata asiyelima pamba amekauka," akasema, akaenda zake.

Nyumbani, mkwe wangu Milembe, mke wa Mayala, aliwapikia watoto uji mwepesi, ukiinama unajiona sura.

Mayala akaja, kofia mkononi. "Mayu, nikamlete yule wa Mkula, tumuuze tununue mahindi."

"Mnadani ng'ombe wanakwendaje?"

"Bei imeanguka. Kila mtu anauza."

"Kumbe! Hata hilo ni soko huria. Na njiani atakula nini? Akifika hapa nimpikie vijiti?"

"Sasa watoto, mayu?"

"Ng'ombe mwache alipo penye majani. Tupeleke midomo."

Tukaenda Mkula, yeye amembeba mdogo mgongoni. Mzee Mihayo aliwakamulia watoto kwanza, wakanywa mpaka wakapata ndevu nyeupe. Ndipo akamgeukia Mayala, akampa fimbo.

"Karibu, mfanyabiashara. Hapa wanaokunywa wanachunga."

Nilicheka, kisha nikajifanya nakohoa. Mayala alivaa kofia yake ya kampuni, akamfuata ng'ombe wangu kuelekea ziwani, taratibu, kama mtu anayejifunza kutembea. Kofia anayo mpaka leo. Kampuni haijarudi kuidai.