Chuma cha Mjomba

Katika ukoo wetu hakuna mwenye masikio kama yangu. Neno likiingia humu halitoki, hata ulivute kwa koleo. Ndiyo maana mjomba alipoanza kwenda hospitali, kikao cha familia hakikumaliza dakika tano: mimi ndiye wa kumsindikiza. Mjomba ni fundi wa mageti. Miaka thelathini na ushee ya kugonga chuma imemla masikio yake yote mawili. Ukimsalimia asubuhi anakutajia bei ya dirisha. Halafu mimi nina cheti cha kidato cha nne na nauza kwenye duka la dawa, kwa hiyo nyumbani wananiita Dokta. Ni utani, lakini nikiitwa naitika.

Siku ya kwanza tuliingia kwa daktari, mwanamke mwembamba anayezungumza kama anaogopa kumwamsha mtoto. Alikuwa na karatasi za vipimo mbele yake. Akakohoa kidogo, akasema, "Sasa, tatizo la mzee ni hili," na simu yangu ikaita.

Alikuwa yule msusi wa mtaa wa pili. Miezi mitano nilikuwa namwandikia, hajibu hata kwa nukta, na leo kanipigia mwenyewe. Wewe ungefanyaje? Nikainua kidole kimoja kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni, nikatoka. Kumbe alikuwa anaulizia bei ya dawa ya mba. Niliporudi, mjomba alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani, hajashika hata neno moja, na daktari alikuwa anafunga faili.

"Kwa hiyo damu itolewe kila Alhamisi mpaka kiwango kishuke," akaniambia. "Umeelewa, kijana? Utamweleza?"

"Vizuri kabisa, daktari."

Pale nje mjomba akanishika bega. "Kasemaje?"

Ningeweza kurudi ndani. Ilikuwa hatua sita. Lakini Dokta mzima akaulize tena, aonekane boga? Nikamsogelea sikio.

"Damu yako imechoka, mjomba! Imechafuka! Wataimwaga kidogo kidogo, kama gari linavyobadilishwa oili!"

Akafikiri. Fundi ni fundi, hata akiwa mgonjwa. "Na oili mpya nani anaweka?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikapiga kifua. "Hilo niachie mimi!"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo faida ya kusomesha, mpwa wangu."

Basi tukaanza. Chumba cha kutolea damu kilikuwa na viti viwili vya kulalia, pazia la kijani katikati, na mizani ndogo ya kupimia mfuko unavyojaa. Upande wa pili wa pazia alikuwa anakuja dereva mstaafu wa malori, naye wa Alhamisi kama sisi. Damu yake, walisema, nzito mno. Mtu wa kofia usoni na koromeo la injini ya dizeli. Mjomba akitoka pale miguu inamlegea, namkalisha kwenye benchi la koridoni, dereva kajinyoosha mwisho wa benchi na kofia yake usoni, nami natoa chupa kwenye koti. Dawa ya kuongeza damu, ile nyekundu yenye chuma, tunayowauzia wajawazito. Vijiko vinne palepale. Siku nyingine nilipita karakanani kwake asubuhi, viwili, na jioni, viwili.

"Ina ladha ya msumari," mjomba alilalamika.

"Si ndiyo chakula chako, mjomba? Miaka yote unavuta vumbi lake bure, leo unakula kwa kijiko!"

"Na daktari anajua?"

"Usimwambie! Hawa hawapendi sisi wa madukani tuwaingilie kazi. Na mkaza mjomba pia usimwambie, yule siri kwake ni tangazo."

Akameza. Kila mara alimeza. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi kile, na nitasema kweli, nilikuwa nalewa nayo.

Kilichokuwa kinamwuma hasa ni mguu wa kulia. Akitembea kutoka kwenye mashine ya kusagia chuma mpaka mlangoni, shavu la mguu linabana kama limeshikwa na jiriwa ya karakanani, anasimama, anajifanya anakagua geti la mteja. Mwezi wa kwanza kidole kidogo kilikuwa cha baridi. Mwezi wa pili kikaanza kuwa na rangi ya bluu. Mkaza mjomba alikuwa anakikanda na maji ya uvuguvugu kila jioni, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni natoa maoni. "Damu mpya inakuja, Mama. Haijafika huko chini tu. Safari ndefu."

Akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu."

Alhamisi ya nane mkaza mjomba alifuatana nasi, maana kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi kwenye ncha. Daktari hakutuita ofisini. Alikuja mwenyewe chumbani, mjomba akiwa tayari na sindano mkononi, akavuta kigoda.

"Nimeshindwa kuelewa," akasema. Ile sauti yake ndogo. "Mzee huyu mwili wake unahifadhi chuma kupita kiasi. Kimejaa kwenye ini, kimejaa kwenye moyo. Ndiyo maana tunamtoa damu, chuma kitoke nayo. Wiki nane, kilitakiwa kiwe kimeshuka sana. Hakijashuka hata robo ya nilivyotarajia."

Neno "chuma" lilikuwa limeandikwa kwenye ile chupa kwa herufi kubwa, na chupa ilikuwa kwenye koti, upande wa kushoto, inanigonga ubavuni kila nikivuta pumzi.

"Na mguu, daktari?" akauliza mkaza mjomba.

"Mishipa inayopeleka damu mguuni imesinyaa na kuwa migumu. Sigara alizovuta zamani zimechangia, na umri. Kuhusu chuma na mishipa, wataalamu bado wanabishana. Lakini kwa mtu mwenye kingi namna hii, mimi naona ni kuni juu ya moto. Daktari wa upasuaji yuko tayari kuuzibua mguu. Tatizo ni moyo. Hathubutu kumpa dawa ya usingizi na moyo ule mpaka chuma kishuke, na kidole hakisubiri. Tukichelewa mwezi mwingine, tutazungumzia mguu."

Mjomba alikuwa anamtazama midomo, halafu akageuka kwangu, kama kawaida.

"Kasemaje?"

"Anasema tunaendelea vizuri!" nikapaza sauti. "Tuvumilie!"

Mkaza mjomba akanitazama. Daktari pia akanitazama.

"Nataka ukweli," akasema. "Kuna kitu anachotumia? Vidonge, dawa ya maji, chochote chenye chuma? Siku ya kwanza nilisema marufuku, na nilikwambia umweleze."

Hapa ndipo ningepaswa kufungua koti. Mkono ulikwenda, wallahi, ulifika kwenye kifungo. Kisha nikamwona mjomba ananitabasamia, kidole gumba juu, fundi anayeonyesha mteja kwamba kazi iko kwenye mikono salama.

"Hakuna dawa yoyote, daktari," nikasema. "Mimi ndiye ninayemwangalia. Labda chakula. Mama hapa anapenda kumpikia maini."

Mkaza mjomba akahesabu kwa vidole kwenye kanga yake.

"Nilimpikia mara mbili," akasema taratibu. "Mara tatu. Alikuwa hana nguvu, nikaona nimsaidie. Jamani. Ni mimi?" Akamshika mjomba mguu juu ya shuka. "Ni mimi ninayemkata mguu mume wangu?"

"Maini mara tatu hayawezi," daktari akasema.

"Yanajumlishana, daktari," nikadakia. "Haba na haba hujaza kibaba."

Pazia la kijani likavutwa kwa nguvu mpaka pete zikalia. Dereva alikuwa ameketi wima, kofia mkononi, mrija ukining'inia kwenye mkono wake mwingine. Sauti ile ilikuwa imezoea kupigana na injini, na hakuipunguza hata kidogo.

"Mwache mama wa watu! Daktari, huyu kijana kila Alhamisi anamnywesha mzee dawa nyekundu pale kwenye benchi! Vijiko vinne, nimevihesabu! Mimi nilidhani ni ya kifua, ningejua ningeshasema! Na anamwambia usimwambie daktari!"

Muuguzi akaja mbio. Daktari akaninyooshea kiganja, akisubiri kuwekewa kitu.

Mjomba hakuniuliza kasemaje. Safari hii alikuwa amesikia mwenyewe.