Tailizi ya Kijani na Kabati za Mninga

Jumamosi saa tatu asubuhi fundi Abuu alifika Kitangari kwa pikipiki kutoka Masasi, na tailizi nne za mfano amezifunga kwenye kanga ya mkewe. Mwalimu Severina alizisimamisha moja moja juu ya kabati zake mpya za jikoni, kisha akarudi nyuma hadi mlangoni kuzitazama. Nyeupe, krimu, kijivu na kijani. Kabati zilikuwa za mninga, kazi ya seremala wa Ndanda, na Severina alikuwa amezingoja miaka kumi na moja, tangu siku alipokata picha ya jiko la namna hiyo kwenye kalenda. Katika picha ile ukuta ulikuwa wa krimu.

"Krimu," alisema.

"Hapo umemaliza, Mwalimu. Krimu na mninga ni ndugu. Hii ya kijani nimeileta kujaza idadi tu. Kijani na mninga havisalimiani."

Kijani chenyewe kilikuwa kile cha kuta za zahanati, na hakuna aliyekitetea.

Tailizi za ukutani hulowekwa kwanza, zisije zikanyonya maji ya saruji. Abuu aliomba ndoo nzima ya maji, aone ipi inakunywa sana. Severina, mtu wa Newala, kwenye shida ya maji, alimpa nusu beseni, na akamwambia yakibaki ni ya mchicha. Abuu alizitumbukiza zote nne, wakaenda kunywa chai. Waliporudi beseni lilikuwa limefurika na maji yamefika mlangoni. Tailizi tatu zilikuwa zimekunywa kiasi chake. Ya kijani ilikuwa inatoa.

Severina hakuuliza kwa nini. Kilichomuudhi ni yale yaliyomwagika. Alileta masufuria, akakinga, na yalipofika lita kumi yakakatika.

"Dukani walisema hiyo ina unyevu kidogo," Abuu alisema. "Nilidhani ni maneno ya biashara."

Mama yake Severina, Bibi Sijaona, alikuwa amekaa kibarazani. Macho yake yalikuwa yamekwisha zamani, na rangi kwake zilikuwa habari za watu wengine. Abuu alimwambia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akampa kikombe cha maji yale. Bibi alikunywa polepole.

"Haya ni ya bondeni," alisema. "Haya ni ya Rose."

Rose alikuwa binti yake wa kwanza. Miaka arobaini na moja iliyopita, akiwa na miaka tisa, mama yake alimtuma bondeni kuteka maji na kumwambia afanye haraka. Alifanya haraka. Wakati wa kupanda mteremko aliteleza na ndoo yake ya lita kumi, na jioni ile aliletwa nyumbani amefunikwa, yeye peke yake, maji hayakuletwa.

Severina aliyajua yote hayo na bado alitaka krimu. Tusimlaumu upesi. Aliyeitazama picha moja miaka kumi na moja naye ana haki yake. Abuu aliifunga ile ya kijani kwenye kanga, akairudisha dukani.

Bibi Sijaona akaacha kunywa. Alipewa maji ya mvua, akayashika mdomoni na kuyatema kistaarabu. Alipewa chai, akasema ahsante, akaiweka chini. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka. Severina alisimama mbele ya kabati zake akalia, kwa sababu alimpenda mama yake kuliko ukuta, na ilikuwa imemchukua siku mbili nzima kulikumbuka hilo. Kisha akampigia simu Abuu. Abuu alifurahi, maana dukani walikuwa wamechoka kupiga deki.

Ukuta ulibandikwa krimu yote, isipokuwa tailizi moja.

"Hii ikae wapi?" Abuu aliuliza.

Bibi aliletwa jikoni kwa kushikwa mkono. Mtoto akifika na ndoo kichwani, mama humsogelea akamtua. Bibi aliinua mikono yote miwili usawa wa kifua chake, kama anayepokea.

"Hapa."

Abuu aliweka alama ya penseli. Palikuwa katikati kabisa, mahali ambapo kila mgeni angepaona kwanza. Severina alisema sawa.

Chini yake kuna sinki na bomba. Bomba lilifungwa mwaka wa uchaguzi, na waliolifunga walihutubia sana juu ya kumtua mama ndoo kichwani. Mita ipo. Severina hulifungua kila Jumatatu, kwa adabu, nalo hutoa upepo.

Siku hizi, kila saa kumi jioni, Bibi Sijaona husimama mbele ya ukuta, huinua mikono, na kushusha kitu taratibu hadi sakafuni.

"Pole, mwanangu," husema. "Hakukuwa na haraka."

Hapo sakafuni huwa pana ndoo iliyojaa. Bibi hunywa kikombe cha kwanza, mengine wanapikia. Wageni husifu kabati na kunyamazia kijani.

Saa hiyo hiyo watoto wa kike hupita nje ya dirisha wakielekea bondeni. Bibi husikia ndoo zao tupu zikigongana.

"Msikimbie, wajukuu zangu."

"Haya, Bibi," huitikia, kisha hukimbia, kwa sababu foleni ya bondeni ni ndefu.