Furu wa Mwalimu Agnetha

Habari kwamba Mwalimu Agnetha wa Nshambya ananunua enkonyagi kwa madumu iliwafikia wazee wa kanisa kabla hata dumu la pili halijaisha. Mtaa hauna siri. Ila hakuna aliyejisumbua kusema kwamba mwalimu huyu mstaafu wa baiolojia hajawahi kuonja hata tone. Pombe ile kali ya ndizi alikuwa akiwalazia samaki wake ndani ya chupa wasioze, maana dawa ya maabara haipatikani mtu akiitaka. Miaka thelathini amekusanya furu, samaki wadogo wa ziwani ambao sangara aliwamaliza huku wakubwa wakifurahia minofu yake. Kabla yake hakuna mtu wa Kagera aliyewaandika mmoja mmoja, rangi yake na mwamba alikotoka. Vyuo vikuu vilimwandikia barua. Majirani walimwita mama wa visamaki.

Jumamosi hiyo wazee wawili, Rugaibula na Kamala, walikaa sebuleni kwake kumwambia kwamba asipoacha atatengwa na Meza ya Bwana. Moyo ulimuuma. Kanisa ndilo lililomlea. Kabla hajajibu, bodaboda ikapiga honi nje. Masele, mvuvi wa visiwa vya Muleba, alikuwa amemtumia furu mmoja kwenye kopo, mwenye tumbo jekundu, ambaye Agnetha alimtafuta miaka yote bila kumpata. Barafu ilikuwa imeyeyuka njiani. Akingoja wageni waondoke, samaki ataoza.

Mficha uchi hazai. Agnetha aliingia chumbani, akatoka na dumu na chupa, akamtia furu ndani na kummiminia pombe mbele yao. Harufu ikajaa sebuleni. Kamala akakohoa, akachukua Biblia yake na kusimama.

"Ndiyo hii enkonyagi mliyoifuata," Agnetha alisema. "Nitengeni, waitu, ndugu zangu, lakini huyu sitamwacha aoze."

Rugaibula, aliyezaliwa ufukweni kule Muleba, alikuwa ameinamia chupa hadi miwani ikagusa kioo. Akauliza polepole kama wapo wengine walio hai. Agnetha akamjibu kwamba Masele alikuta kundi zima kwenye miamba, akachukua mmoja, waliobaki akawarudisha majini.

Mzee akavua miwani. Machozi yalimtoka wala hakuyaficha.

"Mama alikuwa akitupikia hawa," alisema. "Nilidhani nitakufa nikiwa mtu wa mwisho aliyewaona."

Agnetha alimsogezea kalamu na kipande cha karatasi, akamwomba aandike jina ambalo mama yake alimwita samaki yule. Kamala, aliyekwisha kufika mlangoni, akarudi kuketi.