Mraba wa Salud

Mwanamke aliyenichukulia mume alikuja kwangu kujifunza kroshia, mchana kweupe, na mkate wa moto mkononi kama mgeni mwenye adabu zake.

Kila Jumamosi nilikuwa nafundisha wanawake kwenye ukumbi wa mtaa wetu. Wanaoanza nawapa maumbo tu: duara, pembetatu, mraba. Asiyeweza kufuma mraba asiniletee habari za maua na vipepeo. Siku ile nilikuwa namfokea jirani yangu, Aling Choleng, ambaye duara lake lilikuwa limejikunja kama bakuli kwa sababu hataki kuongeza vitanzi. Mara wanawake wakaacha kufuma. Nikageuka, nikamwona Salud amesimama mlangoni, kavaa nyeusi.

Nyeusi! Kwa mume wa nani?

"Ate Nila," akasema, akiniita dada mkubwa, "nifundishe mraba."

Nilijua papo hapo anataka nini. Katika ukoo wa marehemu mume wangu, Hermo, mtu akifa, kila aliyempenda hufuma mraba mmoja mweupe. Mwaka ukitimia, siku ya kuvua nguo nyeusi, miraba yote huunganishwa ikawa kitambaa cha madhabahu ya nyumbani, na picha ya marehemu ikawekwa juu yake. Asiyetoa mraba huhesabiwa mgeni tu, aliyekuja kula. Na kazi ya kuunganisha ni ya mke. Hermo aliishi na huyu Salud miaka na miaka ng'ambo ya mto, na alifia huko, lakini kanisani mke nilikuwa mimi, na jeneza lilitoka nyumbani kwangu.

"Una uso mkavu wewe," nikamwambia. "Umemla nyama yote, sasa unataka na mifupa?"

"Naomba, Ate."

"Usiniite Ate! Mimi na wewe hatukunyonya ziwa moja."

"Ziwa hapana," akadakia Aling Choleng, "ila mengine mlishirikiana."

Wanawake wakacheka wameziba midomo. Nikamkata jicho Aling Choleng, akarudi kwenye bakuli lake.

Ningeweza kumfukuza Salud. Sikumfukuza, na wala si kwa wema. Nilitaka ashindwe mbele za watu. Nikampa uzi na sindano ya kroshia, nikamwonyesha mstari wa kwanza, nikamwacha.

Mikono yake ilikuwa mizito, mikono ya kupara samaki sokoni. Kila akifika mwisho wa mstari aligeuza kazi kabla ya kufuma kile kitanzi cha mwisho kinachojificha ukingoni. Wanaoanza karibu wote hukiruka. Mstari unaofuata unakuwa mfupi kidogo, na mwingine mfupi zaidi, hadi mraba unachongoka juu. Nililiona kosa mapema kabisa. Nikanyamaza, nikanywa kahawa yangu. Mwisho akaniletea pembetatu.

"Huu ndio mraba?" Nikaunyanyua ili ukumbi mzima uone. "Hata uzi umekukataa!"

Nikavuta ncha. Kroshia ukiivuta uzi mmoja inafumuka yote, na kazi yake ya mchana mzima ikamwagika sakafuni. Salud akainama, akaokota uzi, akauviringa, akaanza upya.

Jumamosi iliyofuata nikamfumulia tena, na ile iliyofuata pia. Hakulia, na hilo ndilo lililonichoma. Nilirudi nyumbani nikigonga masufuria. Mwishowe Aling Choleng akanigeukia mimi.

"Nila, kumchukia mchukie, nani atakulaumu? Lakini mfundishe, ama sivyo mwambie aende zake." Kisha akamwinamia Salud. "Kitanzi cha mwisho hiki hapa, mdogo wangu. Kinajificha. Kichokonoe."

Siku ya kuvua weusi nyumba ilijaa watu. Tambi zilikuwa jikoni, wali mtamu wa nazi uliogandishwa umekatwa vipande, na padri alikuwa njiani. Salud akaingia kwa mlango wa nyuma, akafungua leso, akanipa mraba wake.

Nikautafutia kosa. Nikauvuta pembe zote, nikaupima juu ya mwingine, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Hauna kosa. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto.

Miraba mingine ilikuwa imepangwa mezani, bado kuunganishwa: ya mama mkwe, ya mashemeji, ya binti zangu wawili. Salud akauweka wake pembeni kabisa. Akaitazama yote, mmoja mmoja.

"Wako uko wapi, Ate?"

Binti zangu wakanitazama. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kuniuliza. Nani amuulize mwalimu wa kroshia kama amefuma?

Nilifungua mdomo nimtukane, likatoka neno jingine.

"Sina."

Kila nilipoanza nilimwona Hermo anavuka daraja kwenda kwa Salud na shati nililompigia pasi mimi, nikafumua.

Salud akachukua sindano yangu taratibu. "Nikufumie? Mama yake Hermo ataona pengo."

"Weka chini!" Nilipiga kelele hadi wageni wakachungulia kutoka sebuleni. "Umempikia wewe, umemfulia wewe, umemfumba macho wewe! Huu hunifumii. Huu ni wangu!"

Nikampokonya. Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni, nikaanza kufuma, nabana uzi hadi vidole vinauma. "Mjinga wewe, Hermo," nikasema kila nilipomaliza mstari. "Mjinga mkubwa. Kwa nini hukurudi?" Padri alikuja akasimama mlangoni, akarudi kukaa. Tambi zilipoa. Mama mkwe aliwaambia watu wasubiri, nao wakasubiri. Nilifuma mstari wa mwisho nikilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu afe, na aliyekuwa amepiga magoti karibu yangu akinishikia uzi alikuwa Salud.