Sikio la Kushoto la Baya

Mwanangu Baya ana usonji. Hasemi, hulala kidogo, na fadhaa ikimshika hujipiga uso kwa ngumi mpaka tumzuie watu wawili. Jicho lake la kulia limeanza kuingia ukungu kwa ngumi hizo. Daktari wa macho aliniambia bila kunizungusha: akiendelea hivi, jicho hilo litakwenda.

Ndiyo maana walipokuja watu wa utafiti na kimashine chao, nilikubali. Chaenea kiganjani, kina waya na kibanio cha kubana sikio la kushoto. Simeon, kijana wao kutoka Kibarani anayezungukia nyumba zetu hapa Ganda, alinieleza kwamba sikioni mna tawi la mshipa mkubwa wa fahamu, ule utokao kwenye ubongo ukashuka hadi moyoni na tumboni. Ukiutekenya kwa umeme mdogo, huenda mtoto akatulia. Huenda. Hakuniahidi kupona, nami nilimwamini kwa hilo.

Shida ni kwamba Baya hataki kuguswa. Mimi mamake nikimshika mkono, huunyakua kama nimemchoma. Mtu mmoja tu humkubali, naye ni bibi yake, mavyaa wangu Hawe Sidi. Alfajiri humwita mkekani, akampaka mafuta ya nazi kuanzia utosini, nyuma ya masikio, shingo, hata katikati ya vidole. Baya hufumba macho. Hapo ndipo nami nilipopata nafasi ya kumbana kile kibanio, akiwa amelainika mikononi mwa bibi yake.

Nilibana hivyo kila siku, na ngumi hazikupungua. Simeon alipokuja, akaunganisha kimashine na simu yake, uso wake ukabadilika.

"Mama Baya, mbona hukitumii?"

"Nakitumia kila asubuhi."

"Simu yasema umeme haukuingia hata kidogo."

"Basi simu yako mwongo."

Alicheka, lakini si sana. Akakigeuza kibanio, akakifikicha kwa vidole, akanusa. "Nazi," akasema.

"Nazi yangu," Hawe akajibu kutoka mlangoni. "Naikuna mwenyewe, naipika mwenyewe. Kuna ubaya?"

"Shikamoo, mama. Mafuta yanazuia umeme usipite kwenye ngozi. Asipakwe kichwani wala masikioni."

"Mjukuu wangu atoke amepauka, watu waseme hana wenyewe? Wewe mamako hakukupaka, nakuona magoti hayo."

Simeon akaivuta suruali yake fupi kufunika magoti. Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu aliyoyasema baada ya hapo yalinikata: kuna watoto wengine wanaokingoja kimashine. Jumatatu angerudi, na kama umeme hautapita, ingembidi akichukue.

Tulipobaki wenyewe nikamwambia Hawe taratibu, "Mama, ni kichwa tu."

"Kumbe mikono yangu ndiyo iliyomharibu mtoto."

"Sikusema hivyo."

"Basi simgusi. Mpake huo umeme wenu."

Hakumgusa kweli. Kesho yake alfajiri Baya alikaa mkekani, kichwa amekiinamisha, anangoja. Jua likapanda. Akaenda mlangoni kwa Hawe, akaegemeza utosi wake kwenye ubao wa mlango, akakaa hivyo. Hawe hakufungua. Nilijua yu macho, nilimsikia akikohoa. Nilipojaribu kumbana mimi, Baya alijipiga mpaka damu ikatoka juu ya jicho.

Siku zilizofuata zikawa vivyo hivyo. Sikumbembeleza Hawe wala sikumlaumu. Mkwe hamwamrishi mavyaa wake, na isitoshe, niliona anavyomtazama mtoto kupitia ufa wa dirisha. Nilimwosha Baya kidogo kidogo, akilia, mafuta yakaisha kichwani. Ngozi yake ikapauka kama alivyoogopa bibi yake.

Jumatatu Simeon akafika. Baya alipokiona kibanio akakimbilia ukutani, ngumi juu. Nikapiga magoti mbele yake, sikumshika. Simeon akaanza kuuviringa waya polepole, macho chini.

Mlango wa Hawe ukafunguka. Alikuja na kibakuli chake cha mafuta, akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

"Baya," akaita. "Hebu njoo, baba."

Mtoto akaenda. Akainamisha kichwa kama zamani. Hawe akainua mkono juu ya utosi ule mkavu, kisha akaushusha mpaka chini, akaushika unyayo.

"Leo twaanzia huku," akamwambia.

Baya akanguruma. Akautazama mguu wake, akautazama uso wa bibi. Hawe akaendelea kusugua, kisigino, kifundo, akimnong'onezea maneno ya Kigiriama. Polepole macho yakafumba. Nikasogea na mikono mikavu, nikabana sikio la kushoto. Hakushtuka.

Simeon alikuwa ameinamia simu. "Unapita," akanong'ona. Tukakaa hivyo mpaka muda wake ukaisha.

"Ndiyo amepona?" Hawe akauliza bila kuinua macho.

"Hapana, mama. Umeme umefika tu. Huenda ukasaidia, huenda usisaidie. Lakini kimashine chabaki."

"Na jicho?"

Simeon akalitazama jicho lenye ukungu, kisha akaizima simu. Baya akautoa mguu wa pili, akauweka mwenyewe mapajani mwa bibi yake.