Mkaguzi na Ukuta wa Tofali Moja

Mkaguzi wa mizani hakuwa mtu wa kuambiwa kitu akaamini. Kazini kwake kilo ya sukari ilikuwa kilo baada ya yeye kuipima. Kabla ya hapo ilikuwa uvumi. Kwa hiyo alipoanza kutafuta nyumba ya kupanga aliandaa maswali sitini na moja, akayapiga chapa, na mbele ya kila swali akaacha safu mbili: moja ya jibu, na nyingine, nyembamba zaidi, ya ukweli.

Nyumba kumi na nne zilikuwa zimeshaanguka mtihani huo. Asubuhi ya kwenda kuona ya kumi na tano, mkewe alimsubiri amalize kufunga kamba za viatu, kisha akasema:

"Mume wangu, mwisho wa mwezi ni Jumamosi. Leo tunapata nyumba, la sivyo nabeba sanduku langu naenda kwa dada. Wewe baki na orodha yako, mtaelewana."

"Na wewe maswali yako ni yapi? Hujanipa hata moja niandike."

"Mimi nina moja tu. Wakati wake ukifika nitaliuliza mwenyewe."

Sababu ya kuhama, kwa mujibu wa Mkaguzi, ilikuwa mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa chini ya dirisha lao. Sababu iliyoandikwa kwenye barua ya mwenye nyumba ilikuwa nyingine: kwamba Mkaguzi anakoroma hadi majirani wanakesha. Aliisoma barua hiyo mara mbili, akaiingiza kwenye faili la madai yasiyothibitishwa. Katika miaka yake yote arobaini na saba hakuwahi hata siku moja kujisikia akikoroma, na jambo asilolishuhudia mwenyewe hakuliweka kwenye kumbukumbu.

Dalali aliwapokea getini. Alikuwa kijana mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa kuliko taarifa zake.

"Karibuni! Mkuu, shemeji, nyumba hii mkiikosa leo, kesho mtanitafuta kwa machozi."

"Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki?" Mkaguzi akauliza, mguu mmoja ukiwa bado nje.

"Maji? Hilo halina neno, mkuu."

Mkaguzi hakuandika kitu. Alikwenda jikoni, akatoa jagi la lita moja kwenye mkoba, akalitega chini ya bomba na kutazama saa yake. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha likatulia na kulijaza jagi kwa sekunde kumi na tisa.

"Siku ngapi?"

"Nne," dalali akasema, akaonekana kushangazwa na ulimi wake mwenyewe. "Tano, mvua zikiwa nzuri."

Swali la saba lilihusu mita ya umeme. Mkaguzi alizima swichi kuu, akatoka nje, akasimama kimya kusikiliza nani mtaani atapiga kelele. Hakuna aliyepiga. Akaandika kwamba mita ni ya nyumba hii peke yake. Swali la kumi na mbili lilihusu sakafu. Aliweka gololi katikati ya sebule. Gololi ilifikiri kidogo, ikaanza safari, ikapita kwenye ujia, ikakata kona bila kumuuliza mtu, ikasimama mlangoni pa choo.

"Unaona?" dalali akasema. "Hapa hata umeme ukikatika hupotei."

Mkewe hakuwepo kuiona gololi. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma, akiufunga mlango na kuufungua, akiusukuma kwa bega, akiufunga tena.

"Mpangaji aliyepita alihama kwa nini?" Mkaguzi akamuuliza dalali.

"Mwenye nyumba hakumtaka. Alikuwa mpole mno, mkuu. Hana kelele kabisa."

Mkaguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hivyo. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Mimi naleta watu watulivu, wacha Mungu, wanavua viatu mlangoni. Mama anakaa nao mwezi mmoja, miwili, anasema niwaondoe. Nimeacha kumwelewa."

Mkaguzi aliona anataniwa. Akaweka alama ya kuuliza, akasonga mbele mpaka swali la thelathini na nane: je, ukuta wa chumba cha kulala unapitisha sauti? Dalali aliugonga kwa kidole, akasema ukuta ni ukuta. Hilo halikuwa jibu, wala halikuwa ukweli.

"Wewe kaa hapa uongee kwa dakika tatu," Mkaguzi akamwambia mkewe, aliyerudi kutoka chumba cha nyuma. "Mimi nakwenda kusikiliza kwa jirani."

"Niongee nini?"

"Chochote. Ila usipaze sauti, utaharibu kipimo."

Jirani alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene na macho mekundu kama ya mtu aliyesafiri siku mbili bila kulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza, ninacho."

Mkaguzi akamweleza haja yake kwa utaratibu. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimekuwa mkunga miaka thelathini na sita," akasema. "Watu wamenigongea kuniomba maji ya moto, wamenigongea kuniomba majina. Ukuta ndiyo mara ya kwanza. Pita."

Wakasimama bega kwa bega mbele ya ukuta, karibu na kiti kimoja chenye mto. Hawakuhitaji kutega masikio. Sauti ya mkewe ilifika kama iliyomiminwa kwenye kikombe.

"...mashine ya kusaga anaisingizia tu, shemeji yangu. Mwenye mashine ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika! Alisema wateja wanadhani amefunga mashine ya pili. Na jirani wa juu aliita fundi bomba. Fundi wa watu kabomoa ukuta nusu, anatafuta hewa iliyoingia kwenye mabomba..."

Kicheko cha dalali nacho kilipita bila kizuizi.

"Huu ukuta ni wa tofali moja," Mkaguzi akasema haraka. "Tena limesimamishwa kwa upande wake mwembamba. Aliyejenga alikuwa na pupa."

"Kweli nilikuwa na pupa," mama akajibu. "Mvua zilikuwa zinakaribia, na fundi alikuwa na harusi yake."

Mkaguzi akageukia karatasi zake. Aliikunjua orodha, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa ameuliza umri wa paa, kina cha shimo la choo na nani atalipia kitasa kikivunjika. Hakuna mahali alipouliza mwenye nyumba anaishi wapi.

"Sasa zamu yangu," mkunga akasema. "Unakoroma?"

"Madai hayo hayajathibitishwa."

"Anakoroma!" ukuta ukasema.

"Huyo ni mke wangu, na ushahidi wake una upendeleo."

"Basi tupime," mkunga akasema.

Hapo Mkaguzi akanaswa. Mtu aliyewahi kumfungia mwenzake duka kwa gramu kumi na tano hawezi kukimbia kipimo. Akapewa mkeka, akarudi nao kwenye chumba kitupu, akautandika juu ya saruji kando ya ukuta, akavua viatu na kuvipanga sambamba. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Ng'ambo ya barabara seremala alikuwa akipasua mbao.

"Nawaambia mapema, sitalala," akasema. "Hakuna anayelala saa nane mchana, juu ya saruji, mbele ya dalali."

"Wewe fumba macho tu," mkewe akamwambia. "Usije ukaharibu kipimo."

Akayafumba, kwa ajili ya utaratibu tu. Akaanza kulitafakari swali la thelathini na tisa, linalohusu taka.

Alipoyafumbua, mwanga wa dirisha ulikuwa umehamia ukuta mwingine. Aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Saa ilikuwa nzima. Ilionyesha saa kumi na moja na dakika ishirini.

Mkewe alikuwa ameketi juu ya mkoba wa vipimo, ameshika tama. Dalali alikuwa mlangoni kwa miguu mitupu, viatu vyake vinavyong'aa vikiwa mkononi.

"Ongea polepole," mkewe akanong'ona. "Utamwamsha."

"Nani?"

Akamwonyesha ukuta. Kutoka upande wa pili ilikuja sauti nyepesi, ya kupanda na kushuka, kama birika lililo mbali.

"Mwenye nyumba," dalali akasema. "Kalala kwenye kiti, usingizi wa pono. Nimekwenda mara tatu, nimemwita mpaka nimechoka. Biashara gani hii, mkuu? Mwenye mali kalala, mteja kalala, mimi natembea kwa vidole!"

Mkaguzi akashusha pumzi. "Na mimi... kulikuwa na sauti yoyote?"

"Seremala alivuka barabara," mkewe akasema, "kuuliza nani mtaani amenunua msumeno wa umeme."

Baada ya robo saa mkunga aliingia, miwani imekaa upande, alama ya mto shavuni. Alimtazama Mkaguzi kama anavyotazamwa mtoto wa kilo nne aliyezaliwa bila shida.

"Mzee wangu alikoroma miaka arobaini na mmoja," akasema. "Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Mwaka wa pili huu, usiku mzima sipati zaidi ya saa mbili. Nimejaribu redio. Nimejaribu feni mbovu. Nimejaribu wapangaji. Huyu kijana ananiletea wapole tu!"

"Mama, ungesema!" dalali akalalamika.

"Ungeuliza."

Mkaguzi akachukua kalamu. Mbele ya swali la thelathini na nane, kwenye safu ya jibu, akaandika kwamba ukuta ni ukuta. Kwenye safu ya ukweli, kwamba unapitisha sauti pande zote mbili, na mwenye nyumba anautaka hivyohivyo. Kisha akafungua faili lake, akatoa ile barua ya mwenye nyumba wa zamani, akaihamishia kwenye faili la mambo yaliyothibitishwa. Alikuwa mtu wa haki, hata dhidi yake mwenyewe.

"Lakini mkataba lazima useme wazi," akaanza. "Nikipata mafua? Nikisafiri kikazi? Kiwango cha chini ni saa ngapi kwa usiku, na ni nani atakayepima?"

"Mwanangu, wewe lala tu."

"'Lala tu' si kipimo, mama."

Mkewe akainuka, akakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Mama, mimi nina swali langu moja. Kile chumba cha nyuma, kilicho mbali na ukuta huu. Mlango nimeshaujaribu, ni mzito, unashika vizuri. Ufunguo wake uko wapi?"

Mkunga akatia mkono mfukoni, akautoa.

"Hilo halimo kwenye orodha," Mkaguzi akasema.

"Liandike la sitini na mbili," mkewe akajibu, akautumbukiza ufunguo kwenye pochi, akaifunga zipu. Ndipo wakakumbuka kuulizia wa mlango wa mbele.