Chumvi ya Handakini

Bi Tazuko Kuwabara alikuwa diwani mwanamke wa kwanza wa Okuzawa, mji wetu wa milimani huko Japani, na mimi nilikuwa msichana karani wa kuwamiminia madiwani chai. Siku yake ya kwanza barazani alisimama ajimiminie mwenyewe, na Meya Iwakiri akamwambia awamiminie na wengine, maadamu keshainuka. Mimi nilikasirika, birika mkononi. Yeye alicheka tu.

Kabla ya siasa alikuwa mkunga. Kila majira ya baridi theluji iliifunga njia ya mlimani, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Wajawazito watano walimfia mikononi. Ndiyo maana akagombea, na kwa miaka kumi na moja kila aliposimama kusema alidai kitu kimoja: handaki la kupita ndani ya mlima. Wakambandika jina, Bibi Handaki. Alikwenda Tokyo mara hazihesabiki, akakalishwa kwenye korido za wizara, vijana waliomaliza shule juzi wakimuuliza mumewe yuko wapi.

Mwishowe fedha zikatoka, mlima ukachimbwa. Siku ya kutoboa ukuta wa mwisho alivaa kimono chake cheusi akaja. Msimamizi wa wachimbaji, Bwana Dobashi, akamzuia mlangoni.

"Samahani, mama. Mwanamke haingii."

"Kasema nani?"

"Mungu wa mlima ni mwanamke, ana wivu. Mwanamke mwenzake akiingia, atawaporomoshea vijana wangu mawe. Ndiyo desturi yetu."

"Na kwa uzuri huo, Bi Tazuko, wivu lazima!" meya akadakia, na wenzake wakaangua kicheko. "Usituharibie shughuli. Nenda kakae hemani na kina mama, mtaletewa keki za mchele."

"Miaka kumi na moja nalilia handaki hili. Wivu wake ulikuwa wapi?"

Wakampa mgongo. Waliingia, nasi kule hemani tukawasikia wakishangilia ndani ya mlima. Bi Tazuko hakulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Wiki tatu baadaye theluji ikafunga njia, na handaki lilikuwa bado halijafunguliwa kwa magari. Asubuhi moja nilikuwa kwa Bi Tazuko, nimempelekea barua, meya akaingia mbio bila kofia. Fumiyo, mke wa mwanawe, alikuwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya.

"Nisaidie, dada."

Dada! Tangu amjue hakuwahi kumwita hivyo.

"Handaki si lipo?" akasema Bi Tazuko, huku tayari anavaa viatu. "Au tumuulize mungu kwanza?"

Meya aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

Dobashi mwenyewe alishika machela. Bi Tazuko alitembea ubavuni, mkono juu ya tumbo la Fumiyo, nami nikimulika taa. Maji yalitudondokea, matope yalitufika vifundoni. Hakuna aliyetuzuia na hakuna jiwe lililoanguka. Kabla ya adhuhuri Fumiyo alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike.

Kesho yake baraza likakutana. Nilidhani meya atasimama aombe radhi. Wapi! Alisimama akasema wachimbaji wana hofu, kwa hiyo amemwita kuhani alitakase handaki kwa chumvi, kwa kuwa limekanyagwa na wanawake watatu. Madiwani wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba ni mifereji ya maji machafu inazungumzwa. Mmoja wa hao watatu ni mkwewe mwenyewe, bado kalala kitandani!

Bi Tazuko akaweka kikombe chake chini.

"Wanne, Mheshimiwa," akasema. "Mjukuu wako naye alikuwemo."

 Meya akawa mwekundu, akatafuta mtu wa kumtuma, macho yake yakaniangukia mimi.

"Wewe Sayo, unasubiri nini? Kimbia dukani ulete chumvi, kilo tano."

Nililitua birika mezani mbele yake, juu ya karatasi zake.

"Kalete mwenyewe, Mheshimiwa," nikasema. "Na ukirudi, chai hiyo hapo, jimiminie."